Matembezi ya siku moja hadi kibanda cha mlimani katika Alpi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri wa Goma

Watu wa Goma hufika Geneva kwa mafunzo, mikutano, masomo au kuwatembelea ndugu, na wengi wao hujikuta na Jumamosi moja isiyo na kazi, milima ikionekana dirishani. Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yao. Hauwahusu wapanda milima wenye kamba na shoka la barafu, bali mtu mzima mwenye afya ya kawaida anayetaka kupanda kwa miguu hadi kwenye kibanda kimoja, ale chakula cha mchana huko, na kurudi mjini kabla ya giza. Kwa kuwa ushauri usio na mahali husahaulika upesi, nimetumia mfano mmoja karibu kila mahali, nao ni Refuge du Lac Blanc, kibanda kilicho mita 2,352 juu ya usawa wa bahari, upande wa Ufaransa, mkabala na Mont Blanc. Saa zote zimeandikwa kama zinavyosomeka kwenye ratiba za treni, yaani 13:00 ni saa saba mchana. Wakati wa kiangazi saa ya Goma na saa ya Geneva ni moja, hivyo ukipiga simu nyumbani hutahitaji kufanya hesabu yoyote.

Kibanda cha mlimani ni mahali pa namna gani?

Ni nyumba imara ya mawe au ya mbao, ambayo mara nyingi hujengwa juu kuliko mahali miti inapoishia, na ambayo msimamizi wake huishi humo msimu wote wa kiangazi, akipika, akiuza vinywaji na kuwalaza wageni katika vyumba vya vitanda vingi. Waliowahi kulala katika vibanda vidogo vya ukingoni mwa kreta ya Nyiragongo wasitarajie kitu kilekile, kwa sababu kule Alpi utakuta meza, jiko linalofanya kazi na supu ya moto. Vingi vya vibanda hivi vilijengwa na vyama vya wapanda milima. Chama cha Alpi cha Uswisi, kilichoanzishwa mwaka 1863, peke yake kina vibanda zaidi ya 150. Mgeni wa usiku ni lazima aweke nafasi mapema, lakini mgeni wa mchana huingia tu, akaketi na kuagiza.

Njia inaposemekana kuwa ya ugumu wa wastani, maana yake ni nini?

Maana yake ni kwamba utapanda kati ya mita 400 na 800 za mwinuko, utembee saa tatu hadi sita kwa jumla, juu ya njia iliyo wazi lakini yenye mawe, mizizi na ngazi za hapa na pale, bila kulazimika kushika mwamba kwa mikono ili usianguke. Waswisi hupima njia zao kwa ngazi sita, kuanzia T1 hadi T6, na kiwango cha wastani ninachokizungumzia hapa ni T2, pengine na kipande kifupi cha T3. Ukiona T4 kwenye maelezo ya njia, iache. T4 ina sehemu ambazo mguu ukiteleza hutapata nafasi ya kujirekebisha, na siku moja ya mapumziko si siku ya kujifunzia mambo hayo.

Angalia pia njia gani hasa inayoelezwa, kwa maana kibanda kimoja huweza kufikiwa kwa njia tatu zisizofanana hata kidogo. Lac Blanc ni mfano mzuri wa jambo hili: njia ya kutoka kituo cha teleferiki (gari linalopanda mlima likining'inia kwenye kamba ya chuma) cha La Flégère, kilicho mita 1,877, ni ya wastani, ilhali njia nyingine inayoanzia Tré-le-Champ hupitia ngazi za chuma zilizofungwa kwenye ukuta wa mwamba. Mtu anayeogopa vimo asiende huko kwa kudhani kwamba, kwa kuwa kibanda ni kilekile, basi na safari ni ileile.

Ninaishi Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Je, mwinuko utanisumbua?

Kwa kibanda cha mita 2,300, si rahisi ukusumbue. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu vinavyoletwa na kimo huanza kuwa jambo la kuzingatia kwa watu wengi juu ya mita 2,500, na wewe unatoka mahali palipo juu kuliko Geneva kwa zaidi ya mita 1,000, maana mji ule uko karibu mita 375 tu. Faida hiyo haidumu, kwani mwili ukikaa majuma kadhaa bondeni huizoea hewa ya bondeni, kwa hiyo aliyekwisha kumaliza mafunzo ya miezi mitatu asijione bado ana mapafu ya Kivu.

Hapa ndipo ningependa msomaji wa Goma abadilishe fikira zake. Sisi tumekua tukiwa na Nyiragongo wa mita 3,470 juu ya paa zetu na Karisimbi wa mita 4,507 nyuma yake, na kaskazini zaidi nchi yetu inashiriki Ruwenzori, ambao kilele chake cha Margherita, mita 5,109, kinaipita Mont Blanc. Ni rahisi basi kuidharau namba 2,352. Lakini mita hizo si sawa na mita zetu. Katika Virunga, kwenye kimo hicho, bado uko ndani ya msitu mnene unaokukinga na upepo. Katika Alpi umekwisha kuiacha miti nyuma, umesimama kwenye majani mafupi na mawe matupu, na theluji inaweza kuwa imelala njiani mwezi wa Juni. Kinachowashinda wageni kule ni baridi, radi za alasiri na saa, hasa saa ya gari la mwisho.

Ni miezi gani inayofaa?

Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba. Kabla ya hapo, mabaka ya theluji ngumu mara nyingi hubaki kwenye miteremko ya kivuli, na asubuhi huwa yanateleza sana. Ziwa lenyewe la Lac Blanc huweza kuwa bado limeganda mnamo Juni. Baada ya hapo vibanda huanza kufungwa, na teleferiki nazo husimama kwa matengenezo, mara nyingine kibanda kikiwa bado kiko wazi. Kagua tarehe za vyote viwili, kibanda na teleferiki, kila kimoja peke yake.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tuna zoea moja linaloweza kutupotosha: kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Mwezi wa Julai katika Alpi mwanga hukaa hadi baada ya 21:00, na mgeni huhisi kwamba muda upo tele. Mwishoni mwa Oktoba, saa za Ulaya zikisharudishwa nyuma kwa saa moja, jua huzama karibu 17:20, na bonde lililozungukwa na milima huingia kivulini mapema zaidi.

Nitahesabuje muda wa kwenda na kurudi?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aliulize kwanza, kwa sababu jibu lake linaamua mengine yote. Katika Alpi kuna kanuni ya zamani ambayo ni rahisi na ya kuaminika. Mtu wa kawaida hupanda mita 300 za mwinuko kwa saa moja, hushuka mita 500 kwa saa moja, na hutembea kilomita 4 kwa saa kwenye tambarare. Unahesabu muda wa mwinuko, kisha muda wa umbali, unachukua ule ulio mkubwa kwa ukamilifu wake na kuongeza nusu ya ule mdogo.

Tuijaribu kwa Lac Blanc. Kutoka La Flégère kuna mita 475 za kupanda na karibu kilomita 3 za njia. Mita 475 kwa mwendo wa 300 kwa saa ni saa moja na dakika 35. Kilomita 3 kwa mwendo wa 4 kwa saa ni dakika 45. Nusu ya dakika 45 ni 23 hivi, kwa hiyo kupanda kutakuchukua saa mbili kasoro kidogo. Kushuka: mita 475 kwa mwendo wa 500 ni dakika 57, ukiongeza zile 23 unapata saa moja na dakika 20. Jumla ni saa tatu na robo hivi, bila mapumziko, bila picha, bila chakula. Kwa kundi la watu wanne au watano wasiozoeana, mimi ningeongeza theluthi moja ya muda huo njiani, na saa moja na nusu kibandani, nayo inakuwa saa sita kasoro kidogo tangu kuteremka teleferiki hadi kuirudia.

Sasa geuza hesabu na uanze kutoka mwisho. Tuseme umeangalia ratiba ya siku hiyo, ukaona teleferiki ya mwisho kushuka ni 17:00. Usipange kuipanda hiyo. Panga kufika kituoni saa moja kabla, yaani 16:00. Ili ufike 16:00 kwa mwendo wa kundi lako, lazima uondoke kibandani si baada ya 14:00. Ili upate muda wa kula, lazima ufike kibandani 12:30. Kwa hiyo lazima uwe umeanza kutembea kabla ya 10:00, na hapo unajua unapaswa kuamka saa ngapi Geneva. Ukiikosa teleferiki, hakuna atakayekuzuia kushuka kwa miguu hadi Les Praz, kijiji teleferiki inakoanzia, lakini ni mita 800 na zaidi za kushuka, saa mbili nyingine kwa magoti yaliyochoka, na huenda basi la kurudi mjini likawa limekwisha kuondoka.

Kutokana na hesabu hii kundi liafikiane jambo moja kabla ya kuondoka nyumbani: saa ya kugeuka. Ikifika 13:00 na kibanda bado hakijaonekana, mnageuka, hata kama imebaki nusu saa, hata kama mmoja wenu amekuja Ulaya kwa mara yake ya kwanza na ya mwisho. Makubaliano haya yafanyike mezani jioni ya kuamkia safari, kila mtu akiwa ametulia, kwa maana kule juu hakuna anayetaka kuwa yeye wa kwanza kutamka neno la kurudi.

Tutafikaje kutoka Geneva, na je, viza yetu inaruhusu?

Kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka Geneva hadi Chamonix, mji wa bondeni chini ya Lac Blanc, na safari huchukua takriban saa moja na nusu barabara ikiwa tupu. Treni nayo ipo, kupitia Annemasse hadi Saint-Gervais na kisha treni ndogo ya bondeni, lakini ni ndefu zaidi na ina kubadilisha. Chamonix yenyewe iko mita 1,035, na kijiji cha Les Praz, teleferiki ya La Flégère inakoanzia, kiko karibu sana, kwa basi la mji au kwa treni hiyo ya bondeni. Nunueni tiketi ya basi siku kadhaa kabla, kwa sababu asubuhi za Jumamosi za Agosti mabasi hujaa.

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini iko ndani ya eneo la Schengen pamoja na Ufaransa, hivyo viza ya kawaida ya Schengen hutosha kuvuka. Someni hata hivyo sehemu ya viza inayotaja nchi ambazo inakubalika: viza chache hutolewa kwa nchi moja tu. Pasipoti yenyewe ibebwe, si picha yake kwenye simu, kwa kuwa maofisa huweza kulisimamisha basi mpakani. Iwekeni katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Hali ya hewa tuiangalieje, na radi inaogopwa kiasi gani?

Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi, kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha mtu wa Kivu kwamba radi huua. Tofauti ni kwamba huku kwetu mara nyingi tunakuwa na paa karibu. Katika Alpi, siku za joto za Julai na Agosti huanza na anga safi kabisa, mawingu meupe yakajikusanya juu ya vilele karibu na adhuhuri, na radi zikaanza alasiri. Ndiyo maana ratiba iliyo hapo juu inakuondoa kibandani 14:00, na siku ambayo utabiri unataja radi, ondoka mapema zaidi au usiende kabisa.

Soma utabiri wa mlimani, si wa mjini. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Geneva ikiwa na nyuzi 28, kibandani unaweza kukuta 15, na upepo ukivuma mwili huhisi chini ya hapo. Ofisi ya wageni ya Chamonix huweza kukueleza hali ya njia, kama kuna theluji iliyobaki na kama kuna sehemu iliyofungwa. Msimamizi wa kibanda naye hujibu simu, na jibu lake ndilo bora, kwa maana anaiona njia kwa macho yake. Ongeeni naye kwa Kifaransa bila wasiwasi: ni faida tuliyo nayo sisi, na wageni wengi wengine hawana.

Mkikutwa na ngurumo njiani, shukeni kutoka ukingo wa mlima au nundu yoyote iliyo wazi, achaneni na ngazi za chuma na miti iliyosimama peke yake, wekeni mbali fimbo za chuma, tawanyikeni kidogo, kisha kila mmoja achuchumae miguu ikiwa pamoja, juu ya begi lake ikiwezekana.

Tuvae nini, na viatu tununue wapi?

Mavazi ni ya tabaka: fulana inayokauka upesi badala ya pamba, sweta nene, na juu yake koti lisilopitisha maji wala upepo. Ongezeni kofia ya baridi na glovu nyepesi, hata mwezi wa Agosti. Jua la kimo ni kali kuliko linavyohisiwa kwenye hewa ya baridi, na theluji hulirudisha usoni kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo huungua, na macho hayana kinga ya rangi yoyote, hivyo miwani ya jua na losheni si anasa.

Viatu vinastahili kuzungumziwa kwa kirefu. Yeyote aliyezoea kutembea juu ya mawe ya volkano katika mitaa ya Goma ana vifundo imara kuliko anavyojua, lakini viatu vya mchezo vyenye soli laini havishiki kwenye mwamba uliolowa. Unahitaji soli ngumu yenye meno marefu. Katika mitumba ya Birere au soko la Virunga hupatikana viatu vya kupandia milima vya hali nzuri kwa bei ndogo, na sioni sababu ya kuvidharau, ila vikaguliwe jambo moja. Katika viatu vingi vya aina hii, tabaka lililo kati ya soli na ngozi limetengenezwa kwa poliuretani, ambayo huoza kwa unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa, na baada ya miaka mingi soli nzima hubanduka ghafla, vipande kwa vipande, katikati ya safari. Kikunje kiatu kwa nguvu na ubonyeze tabaka hilo kwa ukucha. Likipasuka au kumomonyoka, kiache dukani. Kisha kivae Goma majuma mawili matatu kabla ya kukipeleka popote. Wasiotaka kununua wanaweza kukodi viatu na fimbo za kutembelea katika maduka ya michezo ya Chamonix.

Chakula, maji na malipo kibandani vikoje?

Beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, mbili siku ya joto. Usitegemee kujaza chupa juu, kwa sababu vibanda vingi vina maji machache na huuza maji ya chupa. Bei itakushangaza mwanzoni. Kumbuka kwamba hakuna barabara ya gari, na kwamba katika vibanda vingi kila kopo na kila gunia limeletwa kwa helikopta. Nenda na fedha taslimu, euro upande wa Ufaransa na franka upande wa Uswisi, kwani mashine ya kadi hufa mtandao unapokatika. Kwa kawaida utapata supu, kimanda cha mayai, jibini, na keki ya matunda madogo ya mlimani ambayo binafsi naihesabu kuwa sababu tosha ya kupanda. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza, maana vipande vya nyama yake hutiwa katika supu na kimanda bila kutajwa.

Kuhusu adabu: viatu vya njiani huachwa mlangoni, chakula ulichobeba mwenyewe hakiliwi kwenye meza za ndani isipokuwa umeruhusiwa, na takataka zako zote, hata maganda ya ndizi, zinashuka nawe. Salimu unaopishana nao njiani. Ni desturi ya kule kama ilivyo kwetu, na anayepanda ndiye anayepewa nafasi kwanza. Lac Blanc iko ndani ya hifadhi ya Aiguilles Rouges, iliyoundwa mwaka 1974, ambako haikubaliki kuleta mbwa, kuchuma maua wala kurusha droni. Mbuzi-mwitu wa Alpi wenye pembe ndefu zilizopinda hujitokeza karibu na njia; watazame kwa mbali na usiwape chakula.

Alama za njia husomwaje?

Uswisi, kibao cha njano ni njia ya kawaida, kibao chenye nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, na nyeupe-bluu-nyeupe ni njia ya wenye ujuzi na vifaa, ambayo haiwahusu wasomaji wa ukurasa huu. Ufaransa, mistari miwili, mweupe na mwekundu, huonyesha njia kuu za masafa marefu, na alama ya msalaba wa rangi hizo huonyesha kwamba umekosea. Pakueni ramani kwenye simu mkiwa bado na mtandao, na bebeni betri ya akiba, kwa kuwa baridi humaliza chaji haraka.

Je, naweza kwenda peke yangu?

Naweza kusema hapana na nikaishia hapo, lakini najua wengine hawana mwenza. Mwenye kwenda peke yake achague siku ya watu wengi, afuate njia ile iliyo maarufu, na amwachie mtu mmoja ujumbe ulioandikwa: jina la kibanda, njia ya kwenda na ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajapiga simu, mtu huyo aombe msaada. Mtu huyo awe Geneva. Mama yako aliye Himbi hataweza kufanya lolote zaidi ya kukesha.

Ikitokea ajali tufanye nini, na nani atalipa?

Namba 112 hupokelewa katika nchi zote mbili, na simu hutumia mtandao wowote unaopatikana. Uswisi kuna pia 1414 ya Rega, huduma ya uokoaji kwa ndege iliyoanzishwa mwaka 1952, na katika jimbo la Valais hupigwa 144. Taja mahali ulipo, kilichotokea, idadi ya walioumia, na hali ya hewa. Kisha uache simu wazi. Ambako hakuna mtandao, ishara ya kuomba msaada ni sauti au mwanga mara sita katika dakika moja, halafu kimya dakika moja, kisha tena. Anayejibu hutoa ishara tatu kwa dakika. Helikopta ikifika, mikono miwili iliyoinuliwa juu humaanisha ndiyo, tunahitaji msaada, na mkono mmoja juu na mwingine chini humaanisha hapana. Wengi hupunga mkono mmoja kwa furaha ya kuiona ndege, na hilo laweza kuwachanganya waokoaji.

Katika milima ya Ufaransa uokoaji wa umma kwa kawaida hautozwi, lakini hospitali hutoza. Uswisi hata helikopta hulipiwa. Bima iliyoombwa kwa ajili ya viza lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, ila si kila mkataba wa bima hiyo unagusa utafutaji na uokoaji mlimani. Fungueni karatasi zenu mkasome sehemu ya yasiyolipwa kabla ya kununua tiketi ya basi.

Nimeamka na homa kidogo. Je, ni mafua tu?

Usiende. Mtu aliyetoka Goma majuma machache yaliyopita anaweza kuwa na malaria aliyoibeba kutoka nyumbani, hata akiwa Ulaya, na uchovu wa mlimani huficha dalili za mwanzo. Mwone daktari siku hiyohiyo na umwambie kwa sauti ya kusikika kwamba unatoka katika nchi yenye malaria, kwa maana si kila daktari wa huko atafikiria kipimo hicho mwenyewe.

Watoto je?

Mwenye miaka minane aliyezoea kutembea anaweza Lac Blanc, kwa mwendo wake na kwa biskuti nyingi. Mdogo kuliko huyo, panda naye teleferiki hadi La Flégère, mle hapo mkiutazama mlima mweupe, na mshuke.

Tufanye mazoezi gani tukiwa bado Goma?

Kupanda na kushuka Mlima Goma mara kadhaa mfululizo, ukiwa na begi la kilo sita au saba, mara tatu kwa juma kwa muda wa mwezi mmoja, kunatosha. Zingatieni kushuka kuliko kupanda, kwani mapaja yasiyozoea mteremko ndiyo yanayotetemeka saa ya mwisho, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Kuhusu Nyiragongo, mlima huo uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga na umelipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Haupandwi kwa mazoezi binafsi bali kwa kibali na walinzi wa hifadhi, pale tu njia inapofunguliwa rasmi.

Tukitaka kibanda cha upande wa Uswisi, tuchague kipi?

Aliyekwisha kufika Lac Blanc na kurudi akiwa na nguvu, ningemwelekeza Cabane de Moiry, katika jimbo la Valais, mita 2,825. Mwinuko wa kupanda kutoka mwisho wa barabara ni karibu mita 480, sawa na Lac Blanc, lakini njia ni ya mawe zaidi, sehemu ya mwisho ni kali, na uko juu ya ile mita 2,500 niliyoitaja, kwa hiyo pandeni polepole. Mtakachokiona ni mto wa barafu ukiwa karibu kabisa na veranda, umepasuka kwa nyufa za bluu. Msiukanyage: nyufa nyingine zimefunikwa na theluji. Mnafika kwa treni hadi Sierre, kisha kwa basi hadi Grimentz, na basi la kiangazi hadi chini ya barafu hiyo. Safari ni ndefu kutoka Geneva, hivyo kwa wanaorudi siku hiyohiyo lazima treni ya kwanza kabisa ya asubuhi, na basi la mwisho la kushuka Grimentz liandikwe kwenye karatasi inayobebwa mfukoni na kila mmoja wa kundi.